Simu za wanachama 412 zimegeuka kuwa 2,147,483,647: namba hii ni nini?

Karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mwezi uliopita tulihamisha orodha ya wanachama kutoka kwenye daftari na kuiingiza kwenye programu tuliyotengenezewa na fundi mmoja. Nilipotaka kuwatumia wanachama ujumbe wa bei, nikakuta wote 412 wana namba moja ya simu, 2147483647. Mjumbe mmoja wa bodi anasema hiyo ni namba ya tapeli. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema ni namba tasa, na ndiyo maana kompyuta zinaipenda. Je, namba hii ni nini hasa? Ni kweli ni tasa? Na kama ni kweli, nani aliweza kuihakiki namba kubwa kiasi hicho?"

Marahaba, ndugu karani. Nianze kwa kumtoa wasiwasi mjumbe wa bodi. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa na 255 ina tarakimu 12, na ikiandikwa kwa kuanza na sifuri ina tarakimu 10. Hiyo uliyoikuta ina tarakimu 10 lakini inaanza na 2, kwa hiyo si simu ya mtu yeyote nchini. Husomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba, nayo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo safu ile ya programu yenu inaweza kuibeba. Wanachama wako 412 waliingizwa kwenye safu hiyo wakiwa na namba zilizozidi uwezo wake, na programu, badala ya kukataa na kupiga kelele, ikamwandikia kila mmoja kiwango cha mwisho ilichonacho.

Ili uone kiwango hicho kimetoka wapi, fikiria mfanyabiashara wa maharage pale Mwanjelwa mwenye mawe matano ya mizani: la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4, la kilo 8 na la kilo 16. Kwa mawe hayo anaweza kupima uzito wowote usio na sehemu kuanzia kilo 1 hadi kilo 31. Kilo 13 ni jiwe la 8, la 4 na la 1. Kilo 22 ni la 16, la 4 na la 2. Na kila uzito una namna moja tu ya kupangwa. Akiyaweka yote matano kwa pamoja anapata 31, yaani pungufu ya 32 kwa moja, na 32 ndilo lingekuwa jiwe lake la sita. Kompyuta huhifadhi namba kwa utaratibu huohuo. Haina tarakimu kumi kama sisi, ina biti, na kila biti ni sawa na jiwe moja la mizani ambalo ama limewekwa ama halikuwekwa. Programu nyingi huipa namba nafasi ya biti 32, ambapo biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na 31 zinazobaki ndizo mawe. Yakiwekwa mawe yote 31, jumla yake ni pungufu kwa moja ya jiwe la thelathini na mbili, yaani 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, na hiyo ndiyo 2,147,483,647.

Kwa lugha ya fedha jambo hili huwashtua hata wanafunzi wangu waliokomaa. Mtu akikuahidi shilingi 1 tarehe 1 Januari, shilingi 2 tarehe 2, shilingi 4 tarehe 3, na kuendelea kuongeza mara mbili kila siku, utafika tarehe 10 ukiwa na shilingi 1,023, ambazo hazitoshi kukufanya umkumbuke. Tarehe 20 utakuwa umeshavuka milioni moja kidogo. Tarehe 31 peke yake atakulipa shilingi 1,073,741,824, na ukijumlisha mwezi mzima utakuta mkononi shilingi 2,147,483,647 kamili. Namba iliyoharibu orodha yenu ni jumla ya mwezi huo wa Januari.

Sasa angalia simu zenu. Namba inayoanza na 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, ikisomwa kama hesabu ya kawaida, ni zaidi ya bilioni 255, yaani inazidi kikomo chetu mara 118 na ushee. Ndiyo sababu hakuna mwanachama hata mmoja aliyesalimika. Laiti mngeziingiza kwa kuanza na 07 au 06, kosa la fundi lingejificha: kompyuta ingeitupa ile sifuri ya mbele, ikabaki na namba ya milioni mia saba au mia sita na kitu, ambayo ingeingia bila shida, na pengine mngekaa miaka bila kugundua kwamba safu ya simu ilitengenezwa vibaya. Niongeze kwamba si kila programu huganda kwenye kikomo kama yenu ilivyofanya. Nyingine, ukiiongezea moja namba hii, hurukia chini kabisa na kukuonyesha −2,147,483,648, kwa sababu lile jiwe la ziada linaangukia kwenye biti ya alama. Wala msidhani ni aibu ya Rungwe peke yake. Desemba 2014 ilitangazwa kwamba video moja ya muziki wa Korea Kusini kwenye YouTube imetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, na kihesabio cha mtandao huo kikabidi kihamishiwe kwenye biti 64.

Je, ni tasa? Ndiyo, ni tasa: haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Kijana wako yuko sahihi hapo, na kosa lake la "ndiyo maana" nitalirudia baadaye.

Namba za umbo hili, yaani 2 kwa kipeo fulani toa 1, zimewashughulisha watu tangu Wagiriki wa kale, na sheria yake ya kwanza ni rahisi. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa. Chukua kipeo 6, ambacho ni 2 mara 3: 2 kwa kipeo cha 6 toa 1 ni 63, nayo inagawanyika kwa 3 na kwa 7, ambazo ndizo namba za umbo hilohilo kwa vipeo 2 na 3. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa hapa ahangaike na vipeo tasa tu. Tatizo ni kwamba kinyume chake si kweli. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Hapo ndipo wengi wamejikwaa. Pietro Cataldi wa Bologna, mwaka 1603, alithibitisha vizuri vipeo 17 na 19, kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alionyesha kwamba 23 na 37 si kweli. Namba ya kipeo 23, kwa mfano, ni 8,388,607, nayo inagawanyika kwa 47. Mwanahisabati Leonhard Euler akaiangusha 29 mwaka 1738, kwa kuonyesha kwamba inagawanyika kwa 233. Katika madai manne ya Cataldi likabaki moja, la 31, na hilo alikuwa amelipata bila uthibitisho wowote.

Ni Euler huyohuyo aliyelimaliza, mwaka 1772, akiwa mzee wa St. Petersburg aliyekuwa karibu kupoteza kabisa uwezo wa kuona. Njia yake inafaa kuelezwa pole pole, kwa sababu ndiyo jibu halisi la swali lako la mwisho.

Mtu asiye na ujanja angefanya hivi: angetafuta kigawo kwa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 3, 5, 7, 11, na kadhalika. Hana haja ya kupita kipeuo cha pili cha namba yetu, kwa sababu namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo hicho au sawa nacho. Kipeuo chenyewe ni 46,340 na sehemu. Hata hivyo chini ya 46,340 kuna maelfu ya namba tasa, na kugawanya namba ya tarakimu kumi maelfu ya mara kwa mkono ni kazi ambayo hata aliyeifanya hataaminika, kwa kuwa lazima atakuwa amekosea mahali.

Euler aliuliza swali jingine: kama kigawo tasa kipo, kitakuwa na sura gani? Kiite q. Ukigawanya 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa q huku ukiandika mabaki tu, mabaki hayo huzunguka kama basi la mwendokasi linalorudi kituoni, na kituo ni baki 1. Kama q inaigawanya namba yetu, basi 2 kwa kipeo cha 31 inaacha baki 1, maana yake mzunguko unarudi kituoni kwenye hatua ya 31. Urefu wa mzunguko lazima basi uwe kigawo cha 31, na 31 ikiwa tasa, urefu ni 31 wenyewe. Fermat alishagundua mwaka 1640 kwamba urefu wa mzunguko wa namna hii daima hugawanya q toa 1 bila baki. Kwa hiyo q toa 1 ni kigawe cha 31, na kwa kuwa q ni witiri, ni kigawe cha 62. Tayari namba tasa nyingi mno zimeanguka kabla hata kalamu haijagusa karatasi: 3, 7, 11, 13 na wenzao hawana haki hata ya kujaribiwa. Kisha kuna sharti la pili, ambalo uthibitisho wake ni mrefu zaidi na nitauruka, kwamba q ikigawanywa kwa 8 lazima iache baki 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, q inaweza tu kuwa kigawe cha 248 ukiongeza 1, au kigawe cha 248 ukiongeza 63.

Mpe kijana wako kikokotoo aifanye mwenyewe. Orodha ya namba hizo inaanza 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303. Ya 63 si tasa, 249 ni 3 mara 83, lakini 311 ni tasa, basi tuijaribu: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, na baki ni 35. Imeshindwa. Inayofuata, 497, ni 7 mara 71; 559 ni 13 mara 43; 745 inagawanyika kwa 5; 807 na 993 kwa 3; 1,055 kwa 5; 1,241 ni 17 mara 73. Hakuna hata moja ya kupoteza muda nayo mpaka 1,303, ambayo ni tasa: 1,303 mara 1,648,107 inaacha baki 226. Nayo imeshindwa. Chini ya 46,340 orodha nzima ina namba 372 tu baada ya kuiondoa 63, na karibu nusu yake huanguka kwa kuwa zinagawanyika kwa 3 au 5. Zinazobaki ni mgawanyo wa siku chache kwa mtu mwenye subira. Zote zilishindwa, na 2,147,483,647 ikatoka ikiwa tasa. Binafsi naona hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari ya namba hii: kazi kubwa ilikuwa kuamua nini kisigawanywe.

Kwa miongo mingi baada ya hapo hapakuwa na namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana. Ilizaa pia namba nyingine maarufu, kwani ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawasawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama vile 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo itakuwa namba kubwa kuliko zote za aina hiyo kuwahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizo ni za kustaajabisha tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono kwamba 2 kwa kipeo cha 127 toa 1 ni tasa, na mwaka 1883 padri wa kijijini nchini Urusi, Ivan Pervushin, akafanya hivyo kwa kipeo cha 61. Kila moja ilizaa namba inayoipita ile ya Barlow kwa mbali.

Turudi kwa kijana wako na "ndiyo maana". Kompyuta haikuichagua namba hii kwa sababu ni tasa. Ilichagua biti 32, kwa sababu mafundi hupenda kuongeza upana mara mbili, kutoka 8 hadi 16, 32 na 64, na utasa ukaja kwa bahati. Ushahidi upo kwenye ndugu zake. Kikomo cha biti 8 ni 127, nayo ni tasa. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Kikomo cha biti 64, ambacho ndicho YouTube ilihamia, ni 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7 waziwazi, kwa sababu kipeo chake ni 63 na 63 ni kigawe cha 3. Ndugu wawili ni tasa, wawili si tasa, na kompyuta zote zinafanya kazi vilevile.

Hata hivyo, kuna mahali pamoja ambapo utasa wake unatumika kweli, na hapo Barlow angeona haya. Programu zinazohitaji namba za kubahatisha, tuseme mnataka kuchagua mwanachama mmoja bila upendeleo kwenye mkutano mkuu, zilitumia kwa miaka mingi utaratibu huu: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki, kisha rudia. Unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658, na kwa jicho la kawaida huoni mpangilio wowote. Kwa kuwa namba ya kugawanyia ni tasa, na kwa kuwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, ilichaguliwa kwa makini, mtiririko huo hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, bila kurudia hata moja, kabla ya kurejea kwenye 1. Hutosha kwa mchezo wa kura ya bahati. Kwa kulinda nywila haufai kabisa, maana anayejua namba moja anaweza kukokotoa zote zinazofuata.

Kikomo hiki kina pia tarehe yake. Mifumo mingi ya kompyuta hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za dunia, na ile inayotumia biti 32 itaijaza nafasi yake Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za hapa itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambazo hazijarekebishwa zitadhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Mifumo ya kisasa imeshahamia biti 64, lakini mashine za zamani zilizofungwa mahali na kusahaulika ndizo za kuangaliwa.

Sasa orodha yako. Hakuna hesabu itakayokurudishia zile simu, kwa sababu namba 412 tofauti zimegeuzwa kuwa moja, na kutoka kwenye moja hiyo huwezi kujua mwanachama yupi alikuwa na ipi. Daftari lisitupwe, kwani ndilo lililobaki na ukweli. Mwambie fundi aibadilishe safu ya simu iwe ya maandishi na si ya namba: simu haijumlishwi wala haizidishwi, na sifuri ya mbele ina maana yake. Kisha mfungue pia safu za malipo na kutafuta humo 2147483647, kwa sababu jumla ya mauzo ya msimu ikipita shilingi bilioni 2.147 itaganda palepale, na kosa la fedha halionekani upesi kama la simu. Usianze kuingiza simu upya kabla fundi hajamaliza, la sivyo jioni utaikuta namba hiihii mara 412.